Nyumba ya Binti, Vyumba vya Wageni

Vitabu vya watalii vinavyouzwa bandarini Piraeus vina hadithi moja ambayo kila mwandishi huikopa kwa mwenzake: kwamba mgeni katika visiwa vya Ugiriki hupokelewa vizuri kwa sababu tangu enzi za Homer mgeni yuko chini ya ulinzi wa Zeus, na anayemfungia mgeni mlango anamchokoza mungu. Hadithi tamu, na Homer kweli amesimulia hivyo. Lakini haielezi kadi ya bei. Nyuma ya mlango wa chumba nilicholala kisiwani Anafi, chini ya ndoano ya taulo, ilibandikwa kadi ya serikali inayotaja daraja la chumba na bei ya juu kabisa ambayo mwenye nyumba aliruhusiwa kutoza, msimu kwa msimu. Kadi ilikuwa ya zamani, wino umefifia kwa jua, bei zenyewe bado ni za drakma, ila mama mwenye nyumba hajaibandua. Zeus anamlinda mgeni bure. Hii ni biashara, na biashara hii imepitiwa na watu waliolala katika nyumba hizi kabla yangu bila ya kupenda.

Anafi iko mashariki ya Santorini, mwisho wa njia. Meli huondoka Piraeus, inakesha baharini, inafika Santorini ambako karibu abiria wote wanashuka na mikoba yao ya magurudumu, kisha inaendelea na sisi wachache tuliobaki, mitungi ya gesi na katoni za maji ya chupa. Wakazi wa kudumu hawapiti mia tatu. Kijiji ni kimoja, Chora, kimekaa juu mlimani pale ambapo maharamia wa zamani wangechoka kabla ya kufika. Bandari ya Agios Nikolaos iko chini, na barabara ya kuunganisha viwili hivyo inajipinda kiasi kwamba unaiona meli yako mara upande wa kulia, mara wa kushoto. Mashariki kabisa limesimama jabali la Kalamos, zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, na kanisa juu yake. Chini ya jabali kuna monasteri iliyojengwa ndani ya kuta za hekalu la Apollo, mawe ya wapagani yakiwa yamebeba madhabahu ya Wakristo.

Hoteli yenyewe ina vyumba vinane. Mwenyewe akizungumza na wageni huiita hoteli, na akizungumza na bintiye huiita nyumba. Vyumba vitatu vya chini ndivyo vya asili: kuta nene kama mkono wangu ulivyo mrefu, madirisha madogo, na paa la duara kama pipa lililopasuliwa katikati. Visiwa hivi havina miti ya boriti, basi fundi alifunga paa kwa mawe na udongo wa volkano wa Santorini, ambao ukichanganywa na chokaa hushika hata majini. Vyumba vitano vya juu ni vya zege, vya miaka ya themanini, na nondo za chuma bado zimechomoza darini zikisubiri ghorofa nyingine. Watalii wanaziona nondo hizo wanadhani pesa iliisha. Nitaeleza zilikuwa zinamsubiri nani.

Kwanza, wageni wa kale. Kwa karne nyingi hapakuwa na hoteli katika visiwa vidogo kwa sababu hapakuwa na wageni wa kulipa. Mfaransa Joseph Pitton de Tournefort, mtaalamu wa mimea aliyetumwa na mfalme wa Ufaransa, alizunguka bahari ya Aegean kuanzia mwaka 1700. Alifika Anafi, akaandika juu ya kwale waliojaa hadi wenyeji wakawa wanakusanya mayai yao ili kuokoa nafaka. Mtu kama yeye alilala kwa balozi mdogo, kwa padri, au penye paa lolote. Karibu karne mbili baadaye, majira ya baridi ya 1883 na 1884, akaja Mwingereza James Theodore Bent na mkewe Mabel. Walikuwa na barua za utambulisho, na katika kila kisiwa wakapelekwa kwa mkuu wa kijiji au tajiri wa pale, wakapewa kitanda cha bibi arusi na chakula ambacho familia ilijinyima. Bent alitoa kitabu chake juu ya visiwa hivyo mwaka 1885, na bado kinasomwa, kwani alikuwa na sikio zuri la desturi za watu wadogo. Huyo ndiye Bent yule yule aliyekwenda Zimbabwe Kuu mwaka 1891, kwa msaada wa kampuni ya Cecil Rhodes, akatangaza kwamba kuta zile hazikujengwa na Waafrika. Nimewahi kuwaza kwamba aliwaamini wenyeji wa Anafi kwa sababu walimlaza ndani na kumlisha, na sikio lile zuri akaliacha huko Ulaya.

Ukarimu wa aina hiyo ulikuwa na hesabu yake. Ulimlaza mgeni mmoja mwenye barua, kwa siku chache, na heshima ikabaki kwa mwenye nyumba. Haukuweza kuwa biashara, maana kumdai pesa mgeni wa namna ile kungekuwa aibu. Aliyewafundisha watu wa Anafi kupokea kodi ya chumba bila aibu alikuwa serikali, nayo ilifundisha kwa kuwaletea wafungwa.

Mwaka 1929 serikali ya Eleftherios Venizelos ilipitisha sheria namba 4229, iliyofanya fikra za kikomunisti kuwa kosa. Hapo utaratibu wa kuwapeleka watu visiwani ukapata nguvu mpya: huwekwi gerezani, unapandishwa meli, unashushwa Anafi, Folegandros, Ai Stratis au Gavdos, na unaambiwa ukae hapo. Tarehe 4 Agosti 1936 Ioannis Metaxas akatwaa madaraka yote, na meli zikaanza kujaa. Walikuja wafanyakazi wa tumbaku kutoka kaskazini, walimu, wanafunzi wa chuo kikuu, mawakili, wakulima ambao kosa lao ni kusaini karatasi. Pamoja nao wezi wa mifugo, kwa sababu polisi hawakuona haja ya kuwatenganisha. Mtoto wa Lamu hashangai serikali kutumia kisiwa badala ya ukuta. Ng'ambo tu ya mji wetu, Manda, Waingereza waliwaweka mahabusi wa siasa enzi za Mau Mau, na bibi zetu waliona boti za askari zikivuka.

Lakini Manda ilikuwa kambi. Anafi haikuwa na kambi. Serikali ilimpa kila aliyehamishwa posho ndogo ya siku, ikamwacha atafute mwenyewe pa kulala. Basi wakapanga. Walipanga nyumba za kijijini zilizokuwa tupu, na nyumba tupu hazikukosekana, kwani vijana wa Anafi walikuwa wamehamia Athens kwa vizazi kadhaa. Walichanga posho zao katika mfuko mmoja, wakaunda jumuiya yenye katiba, katibu, jiko la pamoja, fundi viatu, kinyozi na zamu za kufagia. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. Waliokuwa madaktari waliwatibu wanakijiji, ingawa kanuni zilikataza wenyeji kuchanganyika nao. Mwandishi wa Australia, Bert Birtles, aliwatembelea wahamishwa wa Aegean na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1938. Na wahamishwa wenyewe walipiga picha, zikabaki. Kwenye picha wanaonekana wanaume wenye mashati yaliyopigwa pasi. Shati la pasi katika kijiji kisicho na umeme ni siasa pia.

Mama mwenye nyumba, ambaye kwa umri angekuwa dada mkubwa wa mama yangu, aliyasikia haya kwa mama yake, si vitabuni. Kigiriki changu ni cha Kypseli, mtaa wa Athens nilikoishi miaka mingi miongoni mwa mabaharia wa pwani yetu walioachwa na meli zao. Kinatosha sokoni na kwa mazungumzo ya jioni. Tulikuwa tunakunja mashuka darini. Alikuwa na namna ya kukunja inayohitaji watu wawili na hakumwonea haya mgeni.

"Mwanangu, vyumba vya chini vilikuwa vyao," aliniambia. "Wanaume tisa. Mama yangu akiwa msichana aliwaogopa wiki ya kwanza. Baadaye akasema hajawahi kuona wanaume wanaofua wenyewe."

"Walilipa?"

"Kila mwanzo wa mwezi. Kuliko shemeji yangu."

Siwezi kukuthibitishia idadi ya wale wanaume. Ninachojua ni kwamba kodi yao ilikuwa fedha taslimu mahali ambapo fedha taslimu ilikuwa adimu. Watu walibadilishana shayiri, tini, asali, siku za kazi. Noti ilitoka kwa mtoto aliye Athens au kwa ndugu aliye melini, na sasa ikaanza kutoka kwa mkomunisti wa chumba cha chini. Kijiji kikajifunza mambo ambayo mwenye gesti yeyote anayajua: kwamba mpangaji anataka ufunguo wake mwenyewe, kwamba maji ya birika lazima yagawanywe kwa kipimo, kwamba kitanda kina bei na godoro lina bei yake, na kwamba polisi atakuja na daftari kuuliza nani amelala wapi. Daftari hilo halikufa. Miaka iliyofuata mtalii wa Kiswidi aliacha pasipoti yake kwa mwenye nyumba, na majina yakapelekwa polisi yale yale, kwa safu zile zile.

Vita vilipokuja, hadithi ikawa mbaya. Mwaka 1941 Ugiriki ilianguka, Waitalia wakashika visiwa hivi, na walinzi Wagiriki hawakuwafungulia wafungwa. Waliwakabidhi kwa adui. Kipupwe cha 1941 kuingia 1942 njaa iliua watu kote Ugiriki, na visiwani, ambako nafaka ilizuiwa njiani, iliua wahamishwa pia. Mama mwenye nyumba hakusimulia sehemu hii. Alisema tu kwamba baada ya vita mama yake hakupanda tena maua kwenye kipande fulani cha ua, na sikumuuliza zaidi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya 1946 hadi 1949, wafungwa walipelekwa zaidi Makronisos, Ikaria na Ai Stratis. Vyumba vya chini vikarudi kuwekwa majani ya punda.

Sasa nondo za chuma.

Mwaka 1966 mwanaanthropolojia Mwingereza, Margaret Kenna, alifika Anafi na kukaa kwa utafiti. Katika makala zake za mwanzo alikificha kisiwa kwa jina la Nisos. Yeye ndiye aliyeandika kwa utulivu jambo ambalo wenyeji waliliona la kawaida mno kulisema: katika Anafi, kama katika visiwa vingi vya Aegean, nyumba hufuata upande wa binti. Mzazi anampa binti nyumba anapoolewa, mume anahamia kwake, na mashamba kwa kawaida yanakwenda kwa wana wa kiume. Mali hufuata pia jina. Mtoto hupewa jina la babu au bibi, na kwa jina hilo anarithi kipande alichomiliki mwenye jina, pamoja na wajibu wa kumfanyia dua za kumbukumbu: siku ya arubaini, mwaka, na sahani ya ngano iliyochemshwa inayogawiwa kanisani. Asiyetekeleza dua, watu humuuliza anakaaje katika nyumba ya marehemu.

Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, maana mimi nimezaliwa Mkomani, mji wa mawe wa Lamu, katika nyumba ya mama yangu iliyokuwa ya mama yake. Kwetu mzee mwenye uwezo alimjengea binti nyumba, na pasipo kiwanja alijenga juu, akavusha wikio juu ya kichochoro ili dada wapitiane bila kushuka njiani. Mume aliletwa ndani. Haikuhitaji Mzungu kunieleza kwa nini mwanamke wa Anafi anasema "nyumba yangu" na mumewe anasema "kule kwetu" akimaanisha kwa mama yake. Tofauti ni kilichotokea baadaye. Vijana wa nywele ndefu walifika Lamu na visiwa vya Ugiriki karibu wakati mmoja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakilala darini kwa pesa kidogo. Lamu, na hasa katika kijiji cha Shela, nyumba nyingi za mabinti ziliishia kuuzwa kwa wageni waliozipenda. Anafi hazikuuzwa kwa wingi huo; zilipangishwa. Nina maoni yangu kwa nini, na si kwamba Wagiriki wana akili kuliko sisi: wao walikuwa na serikali iliyotoa mikopo, barabara, umeme na baadaye ruzuku za Ulaya, wakati sisi tulipewa sifa ya urithi wa dunia na bili ya kutengeneza paa.

Basi baba wa Anafi, au wa Paros, au wa Naxos, akizaa mabinti watatu alikuwa na deni la nyumba tatu. Hakuweza kusubiri waolewe ndipo aanze. Alimwaga zege la ghorofa ya kwanza binti mkubwa akiwa na miaka sita, akaacha nondo zimechomoza kwa ajili ya mdogo wake. Ghorofa ikakaa tupu miaka kumi na zaidi. Ndipo meli ya Agosti inapowashusha wanafunzi wa Uholanzi wasio na pa kulala, na mama mtu anasimama bandarini na kipande cha katoni kilichoandikwa kwa mkono kwamba ana vyumba. Kodi ya kiangazi ilinunua vitanda. Kiangazi kilichofuata kilinunua beseni na choo. Binti alipofikia kuolewa, nyumba aliyopewa ilikuwa na vyumba vyenye namba milangoni. Mamia ya hoteli ndogo ambazo watalii wanazisifu kwa kuwa "za kifamilia" zilianza hivyo hivyo. Mabweni ya mali ya arusi, yakipangishwa kabla ya arusi.

Serikali ya Athens ilikuwa na mpango mwingine mkubwa zaidi. Baada ya vita, shirika la utalii la taifa lilijenga hoteli zake, ziitwazo Xenia, na kuanzia 1957 msanifu Aris Konstantinidis aliongoza kazi ya kuzichora: majengo ya mawe na zege yaliyolala chini, yaliyoipa heshima ardhi. Ya Andros ni ya 1958, ya Mykonos ya 1960. Ni majengo mazuri, mimi napenda kuyatazama. Utawala wa kijeshi wa 1967 hadi 1974 ukaongeza mikopo kwa mahoteli makubwa, huku ukijaza Gyaros na Leros wahamishwa wapya. Leo Xenia nyingi zimefungwa, zimeuzwa au zimeachwa na madirisha yamevunjika. Chumba cha binti bado kina shuka safi. Serikali ilijenga kwa ajili ya mgeni. Baba alijenga kwa ajili ya mwanawe, na mgeni akapita tu.

Pesa za zege zilitoka wapi? Nyingi zilitoka Ujerumani. Mwezi Machi 1960 Ugiriki na Ujerumani Magharibi zilitia saini mkataba wa vibarua, na mamia ya maelfu ya Wagiriki wakaenda kusimama kwenye mikanda ya viwanda. Wengine walikwenda Australia, Marekani, au melini. Wa Anafi walikuwa na mahali pao pa zamani zaidi: Athens. Mafundi wa kisiwa hiki waliitwa mjini katika miaka ya 1830 na 1840 kujenga ikulu ya Mfalme Otto, wakajijengea vibanda vyeupe chini ya ukuta wa Acropolis, na mtaa ule unaitwa Anafiotika mpaka leo. Ukipita vichochoro vyake mabega yanagusa kuta pande zote mbili. Watu wa Anafi waliobaki Athens walianzisha chama chao, wakasaidiana kupata kazi, na utalii ulipoanza kuwa na faida wakarudi kiangazi kufungua vyumba na mikahawa katika nyumba walizozifunga. Kenna aliliandika hilo pia, mwaka 1993, na ugomvi wake: waliokaa kisiwani kipupwe chote, wakachunga mbuzi na kuzika wazee, hawakufurahi kuona mtoto wa mjini anakuja Juni na friji mpya, anachuma, anaondoka Septemba. Ugomvi huo haujaisha. Mama mwenye nyumba hamsalimii jirani mmoja, na nilipouliza kosa lake nikaambiwa: "Wa Athens." Jirani ana zaidi ya miaka sabini na nyumba ni ya bibi yake.

Wakati huo idadi ya wageni ilikuwa inaruka. Mwaka 1950 watalii waliokuja Ugiriki yote hawakufika elfu hamsini. Siku hizi wanapita milioni thelathini kwa mwaka, mara tatu ya raia. Miongoni mwa waliowapokea kuna kundi moja la wanawake ambalo vitabu vya utalii vinalitaja kwa aya moja, nami nadhani lilistahili sura nzima. Huko Petra, kisiwani Lesvos, mwaka 1983 wanawake wa kijijini waliunda ushirika wa kupangisha vyumba vya nyumba zao, wa kwanza wa aina yake nchini, na baada yao wanawake wa vijiji vya mastiki huko Chios wakafanya vivyo hivyo. Wake wa wakulima ambao kazi yao yote ilikuwa haihesabiwi wakawa na daftari, zamu, mkahawa wa pamoja, na akaunti ya benki. Mwaka ule ule bunge lilibadili sheria ya familia, sheria namba 1329, na kuifuta kisheria mali ya lazima ya binti anayeolewa. Wengi wa wanaume walioipigia kura walidhani wamewakomboa mabinti. Walichofuta ni mamlaka ya mume kusimamia mali hiyo, na hapo walifanya jema. Nyumba zenyewe ziliendelea kwenda kwa mabinti, safari hii zikiandikwa kama zawadi ya mzazi, ambayo sheria hiyo hiyo iliiwekea kifungu.

Kwa hiyo ukifika katika hoteli kama ile ya Anafi, tazama nani anashika nini. Mume, kama yuko hai, anakupokea bandarini na gari, anabeba mkoba, anakueleza juu ya upepo. Upepo wa Julai na Agosti, meltemi, unavuma kutoka kaskazini siku kadhaa mfululizo, meli hazitii nanga, na hapo ndipo utamsikia akisema neno moja la uhakika: kesho. Mke ndiye mwenye funguo. Yeye anajua chumba gani kina mlango unaovimba kwa unyevu, nani ametupa karatasi chooni badala ya kuitia kwenye ndoo, maana mabomba ya visiwa ni membamba na ukiyaziba fundi anatoka Santorini. Anajua pia nani amelipa. Asubuhi anaweka mezani mkate mgumu uliotiwa zafarani ya mwituni, jibini laini, asali, na kahawa yenye mashapo ambayo mimi, mtu wa pwani, sikuona ugeni wake isipokuwa kukosa tangawizi. Mashuka anafua usiku, umeme ukiwa rahisi. Meltemi inayakausha kabla kahawa haijapoa, ndiyo faida pekee niliyosikia watu wakiitaja ya upepo ule.

Vyumba vya namna hii sasa vinapangwa kwa daraja la funguo badala ya nyota, moja hadi nne, na serikali inatoza kodi ya kulala iliyoanza mwaka 2018 na kubadilishwa jina mwaka 2024 kuwa mchango wa mabadiliko ya tabianchi. Mama anaukusanya mchango huo pembeni, kwenye bakuli, kwa hasira. Mwanzoni mwa 2025 ardhi ilitetemeka wiki nyingi kati ya Santorini na Amorgos, shule za Anafi zikafungwa, na wageni wa Pasaka wakapiga simu kughairi. Wazee walikumbuka Julai 1956, tetemeko lililoua watu 53, wengi wao Santorini, na kubomoa nyumba hata huku. Vyumba vya chini, vile vya paa la duara, vilisimama mwaka ule. Mama alihamishia kitanda chake huko, akalala walipolala wakomunisti, na alisimulia hivyo kwa fahari kidogo.

Binti yake ni mfamasia Athens, ana mume wa Thessaloniki asiyependa meli. Anakuja Juni na kuondoka Septemba, kwa maneno mengine amekuwa yule jirani. Mama ameshaliona hilo na ameamua kuruka kizazi. Amekwenda Santorini kwa mthibitishaji wa hati, akaandika nyumba yote, vyumba vinane na dari yenye nondo, kwa mjukuu wa kike mwenye jina lake, mwenye miaka kumi na moja, pamoja na wajibu wa ngano ya arubaini. Mjukuu wa kiume ameandikiwa shamba la shayiri la babu, juu ya njia ya Kalamos. Kijana alikuwepo tulipokuwa tunazungumza, amelala kwenye baraza na simu usoni. Alisema shamba halina barabara wala maji, na nyumba ina vyumba vinane vya kulipia. Bibi yake akamwambia angezaliwa msichana.